Gumzo la kikundi: Watoto na Wajukuu wa Babu

Dada Mkubwa (Jumatatu, saa 1:05 asubuhi): Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo. Narudia ujumbe wa wiki iliyopita, ambao watu 11 waliusoma na wawili wakaujibu: Jumamosi tunakwenda kupimwa macho, wakubwa kwa watoto. Babu ana presha ya macho, na kwa kuwa ugonjwa huo hufuata damu, watoto na ndugu wa mgonjwa wamo hatarini kuliko watu wengine. Kwa kawaida hauumi, huanza kula uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi; dawa na upasuaji hulinda kile kilichosalia tu.

Dada Mkubwa (saa 4:30 asubuhi): Naona mnasoma.

Baba Mdogo: Macho yangu ni mazima. Anayenidai namwona angali mbali, nikajifungia ndani kabla hajapiga hodi.

Binamu: Na yule unayemdai wewe, Mjomba, unamwona?

Dada Mkubwa: Baba Mdogo, kuona mbali si kipimo cha ugonjwa huu, kwa sababu uoni wa katikati huweza kubaki mzuri hadi hatua za mwisho. Wanachopima ni shinikizo ndani ya jicho, hali ya mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, na upana wa eneo unaloliona bila kugeuza macho.

Mama: Mimi nimeolewa tu katika ukoo huu, kwa hiyo naomba udhuru.

Dada Mkubwa: Mama, wewe una kisukari, nacho huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho hata kabla mtu hajaona ukungu, ndiyo maana unatakiwa kuchunguzwa kila mwaka. Kaka naye amlete yule mtoto anayeinamisha kichwa akisoma. Jicho lililo vivu hurekebishika vizuri zaidi kabla ya umri wa miaka 7 hivi, na mtoto hawezi kulalamika kuhusu jicho ambalo halijawahi kumwonyesha vizuri.

Shangazi (saa 2:10 usiku): Nitakuja, lakini kwanza isemwe ni nani aliyemletea Baba ile chupa ya matone aliyoitumia miezi na miezi bila daktari kujua. Matone yenye steroidi hupandisha shinikizo la jicho, na wakati ule niliposema niliambiwa najifanya mganga.

Baba Mdogo: Dada, macho yalikuwa yakimwasha, na matone hayo yalikuwa yamenisaidia mimi. Hili tulilimaliza siku ya arubaini.

Shangazi: Ulilimaliza wewe.

Binamu: Mimi nilidhani siku ya arubaini tuligombania sufuria.

Babu (ameandikiwa na mjukuu, saa 3:00 usiku): Jicho ni langu, na aliyelinyamazia ni mimi. Kabla ya chupa hiyo kuingia nyumbani nilikuwa nimeshaanza kugonga mwimo wa mlango upande wa kushoto, nikamlaumu fundi kwamba mlango ni mwembamba, hata nikamnyima sehemu ya ujira wake. Habari ya chupa nisiisikie tena. Wote niliowazaa mwende.

Shangazi (saa 4:15 usiku): Nimesikia, Baba.

Baba Mdogo (Jumanne, saa 12:40 asubuhi): Nitakwenda. Swali langu ni nani atakayeturudisha, maana ninavyofahamu kuna matone ya kupanua mboni ambayo huacha mtu akiona ukungu kwa saa kadhaa.

Dada Mkubwa: Ni kweli, na mwenye kutiwa matone hayo asiendeshe gari. Nahitaji madereva wawili ambao watapimwa siku nyingine. Nani yuko tayari?

Dada Mkubwa (saa 7:20 mchana): Madereva wawili tu, jamani.

Kaka (Jumatano, saa 5:50 usiku): Samahanini, nimeusoma ujumbe sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?