Ushauri: Tumekutana kliniki, tunataka kusaidiana hadi kujifungua. Tuanzeje?

Kijacho_Ilazo: Habari zenu wadau. Mimba yangu ya kwanza, miezi sita. Nipo Dodoma, mume ni dereva wa lori, anaweza kukwama foleni ya Tunduma wiki nzima. Mama yuko Tanga, mama mkwe anakuja nikishajifungua. Kliniki nimezoeana na wenzangu wanne, wengi walihamishiwa huku na ofisi, ndugu hawana. Tunataka tusindikizane na kuangaliana watoto. Mmoja anataka tucheze mchezo wa elfu kumi kwa wiki, mwingine anasema pesa zitatugombanisha. Wanne tunatarajia mwezi mmoja, wa tano ndiyo kwanza ana miezi minne. Waliopitia haya nielekezeni.

MamaPacha: Hongera mdogo wangu. Mimi pesa hazinitishi, kinachonitisha ni hiyo miezi kufanana. Wanne mkishikwa uchungu wiki moja, nani atamkimbiza mwenzake? Huyo wa miezi minne ndiye wenu wa usiku, simu yake isizimwe. Ongezeni na mama ambaye mtoto wake ameshakaa vizuri.

Kijumbe_Mstaafu: Mchezo achaneni nao. Mchezo ni zamu, uchungu hauna zamu. Wekeni mfuko wa dharura kwenye laini moja, salio kila mtu alione. Mtu akizidiwa saa nane usiku anatumiwa nauli hapo hapo, kikao baadaye. Na dereva wa bajaji mzungumze naye mapema, apajue kwa kila mmoja.

ShangaziWaKongwa: Msisahau mlenda wanangu, njia iwe laini. Na kuna mizizi ya kuchemsha siku ya uchungu, nikipata nafasi nitawaelekeza.

Nesi_Mkunga: Shangazi shikamoo. Mlenda wale, ni mboga nzuri. Mizizi ya kuongeza uchungu hapana kabisa, mji wa mimba unaweza kupasuka, na hayo tunayapokea wodini yakiwa yameshaharibika. Pia msiazimane vidonge. SP ya malaria haitolewi kwa anayemeza Septrin, na huwezi kujua mwenzako anameza nini. Vya kuongeza damu msishushie na chai.

Mkifanya moja tu, basi kila mmoja azijue dalili za hatari za mwenzake: kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, kutokwa damu, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Mwenye dalili hizo mara nyingi anasema "ngoja nilale kidogo". Msimwache alale. Usafiri ukikosekana pigeni 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure. Na damu: mjamzito hachangii, kwa hiyo waume wajipange mapema.

MamaPacha: Hapo kwa waume ndipo patamu 😂 Wangu akiona sindano anatafuta kiti.

Kijacho_Ilazo: Asanteni sana, shangazi shikamoo ya nesi ikufikie 😂 Mchezo tumeufuta, tunaanza na mfuko. Wa miezi minne kakubali simu za usiku. Jumamosi tunakwenda Soko la Majengo kununua mabeseni na mipira ya kujifungulia kwa pamoja, labda tutapunguziwa. Swali la mwisho: mwenzetu mmoja hataki mumewe ajue habari za mfuko. Tumpokee?

Kijumbe_Mstaafu: Mpokeeni. Ila laini ya mfuko isikae kwake.