Naomba ushauri: kutoa pointi kwenye Mustang ya 1968

Wakuu, habari za wakati huu. Niko Texas, nina Ford Mustang ya 1968, injini V8 302, na bado inatumia pointi (vikontakti vya ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi; vinafunguka na kujifunga ili cheche itoke) na kondensa. Nimechoka nazo. Kila baada ya miezi michache gari linaanza kumisi. Nikifungua kifuniko cha distribyuta nakuta pointi zimeungua, upande mmoja una kishimo cheusi, na kile kiplastiki kinachosugua kemu (vinundu vya shafti vinavyofungua pointi) kimelika hadi mwanya wa pointi umebana na taimingi ya cheche imechelewa.

Nataka kuweka moduli ya kielektroniki ya PerTronix, ile inayokaa badala ya pointi ndani ya distribyuta ileile, maana gari hili nalipenda lilivyo. Kinachonitatiza ni umeme. Waya wa waridi unaokwenda kwenye koili (inayopandisha volti za cheche) una ukinzani, kwa hiyo injini ikishawaka koili haipati volti 12 kamili. Je, moduli niipe waya wake moja kwa moja kutoka swichi, na koili ya zamani niiache?

Halafu shafti ya distribyuta nikiitikisa kwa vidole inacheza kidogo. Nibadilishe bushi kwanza, au ninunue distribyuta nzima? Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie, tafadhali.