Naomba ushauri: mama mkwe anataka kumpa mtoto maji, nami natumia ARV

Habari zenu wapendwa. Natumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, tangu kabla ya mimba hii, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani kwenye damu. Mwanangu ana wiki 3, anapewa nevirapini ya maji kila siku, dawa ya kumkinga asiambukizwe, na akifikisha wiki 6 atapimwa kwa tone la damu ya kisigino. Nesi alinisisitizia: miezi 6 maziwa yangu tu, kwani kuchanganya na vitu vingine kunaongeza hatari ya kumwambukiza.

Sasa mama mkwe yuko hapa kwa uzazi. Mama wa watu ananipenda sana, kila asubuhi ananikanda kwa maji ya moto. Lakini mtoto akilia tu anasema ni chango, anakoroga glukosi kwenye kikombe na kutafuta kijiko. Hajui hali yangu, na mume wangu hataki aambiwe kwa sasa. Nimemwambia kliniki wamekataza, akanijibu amelea saba na wote wazima.

Mliopitia haya, mlimzuiaje mkwe bila siri kutoka? Na mtoto akicheua dawa mara tu baada ya kumeza, mliambiwa mrudie au msubiri kesho yake? Kliniki yangu ni wiki ijayo, nina wasiwasi kweli.