Kuwaonyesha wanafunzi maisha ya wakimbizi kwa miwani ya uhalisia pepe: kuna atakayebadilika?

Mwalimu_Rehema:
Habari zenu. Nafundisha uraia sekondari. Tumeazimwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayomfanya anayeivaa ajione yumo ndani ya filamu, nami nataka kuwaonyesha wanafunzi filamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, *Clouds Over Sidra*, inayomhusu binti wa Kisyria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Darasani kwangu mkimbizi akitajwa wengine hucheka, na jambo hilo linaniuma. Je, filamu itawagusa, au watatokwa na machozi mawili kisha basi?

Kibodi77:
Waketi, tena kwenye viti vinavyozunguka. Ni filamu ya nyuzi 360: unageuka utakako ila hutembei, na anayesimama anaweza kupepesuka. Atakayeona kizunguzungu avue mara moja.

Kuhusu kuguswa, uchambuzi uliotoka 2021 ukijumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba miwani hii huamsha hisia, lakini haimsaidii mtu kuelewa zaidi mawazo ya mwenzake.

BintiWaKambini:
Mwalimu, shikamoo. Mimi nimekulia kambini, na hayo ya Kibodi77 nayaona ni kweli kabisa.

Filamu hiyo naipenda. Sidra anasimulia mwenyewe, na watoto wanasoma na kucheza mpira. Si vilio mwanzo hadi mwisho. Lakini inakwisha baada ya dakika nane hivi, na kisichoingia kwenye miwani ni kungoja. Mama yangu aliifunga kadi ya mgao kwenye nailoni akailalia kila usiku, maana ikipotea, chakula hakuna mpaka uandikishwe upya. Baba alikwenda kwenye ubao wa matangazo kutafuta jina lake kwenye orodha ya mahojiano, akarudi, akaenda tena. Hakuna aliyetwambia tungoje hadi lini. Kwangu hilo lilizidi hema kuvuja.

Kwa hiyo wakivua miwani, usiwaulize wamejisikiaje. Waulize Sidra anataka nini, na nani mwenye uamuzi juu ya maisha yake. Hapo ndipo watalazimika kufikiri.

Na tafadhali, kabla ya yote, chunguza kama darasani hakuna mtoto aliyekimbia vita. Miwani inafunika macho na masikio; mtoto kama huyo akikutana na kambi humo ndani bila kuonywa, utamuumiza. Zungumza naye faragha, pamoja na mzazi au mlezi wake. Akikataa, mpe kazi nyingine bila kumtaja mbele ya wenzake.

Mwalimu_Rehema:
Marahaba, mwanangu, na pole kwa mliyopitia. Yupo mmoja ambaye sina hakika naye. Nikimwomba awasimulie wenzake mwenyewe, itakuwa vibaya?

BintiWaKambini:
Usimwombe, Mwalimu. Akitaka atasema. Tafuta mtu mzima aliyepitia hayo na aliye radhi kuja, umwachie achague la kusimulia. Sisi tulipigwa picha na wageni wengi ambao hawakutuuliza hata majina.