Vézelay, Ufaransa: siku moja inatosha?

Wa Kadutu: Jambo ndugu. Kikundi chetu cha parokia, hapa Bukavu, kitakuwa Paris mwezi wa sita. Tunataka kwenda Vézelay na kurudi siku hiyohiyo. Tufike vipi, na tuangalie nini kwanza?

Wa Himbi, Goma: Pandeni treni Paris-Bercy, upande wa Avallon, mshuke Sermizelles-Vézelay. Hapo ndipo watu wanakwama: mpaka mjini kunabaki kilomita 10 hivi, zote barabara. Agizeni gari mapema, na mjue saa ya treni ya mwisho kabla ya kulipa chochote.

Mji ni kama barabara moja inayopanda hadi basilika ya Sainte-Marie-Madeleine. Kwenye kilima hicho mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri Vita vya Msalaba vya pili, Pasaka ya 1146. Msanifu majengo Viollet-le-Duc alianza kuikarabati basilika 1840 ikiwa karibu kuanguka.

Mama Ibanda: Mwanangu, msipite mbio ukumbi wa mbele. Juu ya mlango wa ndani kuna mchongo wa karne ya 12: Kristo ameketi, miale inatoka mikononi mwake hadi vichwani mwa mitume. Simameni hapo.

Halafu chagueni tarehe karibu na 21 Juni. Jua likifika juu kabisa, mwanga wa madirisha ya kusini unaanguka sakafuni katikati, madoa yamepangana mstari kuelekea altareni. Ni karibu 13:45, si 12:00; saa zao za kiangazi ni sawa na za Bukavu. Wingu likifunika, hamtaona kitu.

Wa Kadutu: Aksanti sana Mama. Tutatafuta treni ya asubuhi.