Hoteli za Mwanza na ununuzi wa "kijani": faida ipo au tunajiongezea mzigo?

Mhasibu Isamilo: Wakuu, natunza hesabu za hoteli moja hapa mjini. Bosi karudi kutoka semina anasema sasa tunanunua kwa kujali mazingira: samaki wa ukubwa halali tu, mboga za hapahapa mkoani, sabuni ya kujazia chupa badala ya vile vipande vinavyotupwa, mkaa ukome, mabaki ya jikoni yatenganishwe. Anasema gharama zitashuka na wageni wataongezeka. Mimi naona matumizi tu. Mliofanya hivyo, imelipa?

Mwalimu Malimbe: Inalipa, ila si kote kwa kasi moja. Maji, umeme na mkaa unauona kwenye bili za mwezi huohuo. Samaki halali na mboga za karibu ni suala la jina la hoteli, na jina halijengwi kwa wiki mbili. Kama mnapokea watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wapo wanaouliza. Kama wageni wenu ni wa semina, wengi wanauliza bei na chai ya saa nne.

Loji Bwiru: Kwenye mkaa msisubiri bosi. Januari 2024 ndiyo ilikuwa mwisho wa kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ukibanwa ghafla utanunua majiko kwa bei ya haraka.

Mpishi Capri Point: Hoteli hazina shida, shida ni wazabuni. Wanawake wa soko la samaki la Mwaloni wanakushushia sangara wa sentimita 40 ndani ya kiroba, barafu hakuna, ukikataa unatukanwa. Usafi hawana. Ukijani utautoa wapi?

Mama Sangara: Wewe Mpishi, rudia hapo. Usafi hatuna? Saa kumi na moja alfajiri wewe umelala, mimi nipo Kirumba Mwaloni nagombea samaki na mawakala wa viwanda. Kwenye mtumbwi nalipa taslimu. Barafu taslimu, guta taslimu. Hoteli ikichukua inaniambia "lete ankara". Kuna moja nimeidai miezi mitatu. Barafu ya kesho ninunue kwa ankara?

Mpishi Capri Point: Mama, sijakutaja. Na sheria iko wazi, sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Malipo si kazi ya mpishi.

Mama Sangara: Umesema wanawake wa Mwaloni. Mimi ni nani? Sangara mkubwa anakwenda kiwandani, anageuzwa minofu, anapanda ndege, kwa sababu kiwanda kinatoa hela. Ninyi mnataka samaki wa kiwandani kwa bei ya mapanki, yale mabaki baada ya minofu kutolewa, tena kwa mali kauli.

Mvuvi Igombe: Na wanaovua wadogo kwa nyavu haramu, timba na kokoro, wana soko kwa sababu kuna jiko linanunua bila kuuliza. Tukikamatwa sisi, nyavu zinachomwa. Sijaona jiko la hoteli likifungwa kwa sahani ya sangara mchanga.

Bustani Buhongwa: Shikamoo Mama, umenisemea. Mimi ni wa mboga: figiri, mchicha, hoho. Hoteli moja iliniambia mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, nilete kwenye kreti. Sawa, nikanunua kreti kwa hela yangu. Hoho wakazipokea, kreti wakabaki nazo wanapangia soda. Malipo niliambiwa siku 30, zikapita na nyingine juu yake.

Mwalimu Malimbe: Jamani, swali lilikuwa faida. Na hamjagusa taka. Maji ya kufulia mashuka yanavutwa ziwani, chanzo kipo hapo Capri Point, na uchafu wa mji unateremka na mto Mirongo kuishia ziwa hilohilo. Mabaki ya jikoni yasiyochanganywa na plastiki wafuga nguruwe wanayafuata wenyewe…

Bustani Buhongwa: Mwalimu, nguruwe baadaye. Kreti zangu.

Mhasibu Isamilo: Naomba turudi kwenye mada. Nimeuliza kuhusu gharama, si madeni ya watu.

Mama Sangara: Kumbe wewe ndiye mhasibu! Wewe ndiye unayekalia cheki. Halafu unauliza kijani kinalipa? Anza wewe kulipa.

Mhasibu Isamilo: Mama, heshima yako. Sikalii cheki ya mtu. Ukumbi wetu unakodiwa na ofisi kubwa, semina inakwisha, wanakula na kuondoka, hela inakuja robo ya mwaka inayofuata. Ninakulipa na nini?

Mvuvi Igombe: Kwa hiyo semina ya ofisi inakopeshwa na mama wa Mwaloni. Na mama akikosa mtaji ananunua kwa mwenye timba, kwa sababu huyo anakubali kusubiri.

Loji Bwiru: Kwetu samaki na mboga tumetoa kwenye ankara kabisa. Kuna kasha la fedha, mzabuni anashusha, anapimiwa, anaondoka na chake. Bei imeshuka, maana aliyekuwa anasubiri alikuwa anatupandishia. Mhasibu, hesabu uliyoomba ndiyo hiyo.

Mpishi Capri Point: Sawa, mlipwe. Lakini na nyie mlete mali ya kueleweka. Au nikisema hivyo nimetukana tena?

Mama Sangara: Hujatukana. Nilipe siku ya kushusha, nakuletea wa 50 kwenda juu, boksi lina barafu mpaka mlangoni. Futi ya kupimia nitakuja nayo mwenyewe.

Mpishi Capri Point: Na nikikuta wa 45?

Mama Sangara: Mrudishe. Ila mrudishe mbele yangu asubuhi, si saa tisa mchana ameshalegea kwenye stoo yenu ndipo unipigie simu kuwa hafai.