Nataka kompyuta isome habari za majahazi, lakini tuandike Kiswahili. Yawezekana?

MwanaMatondoni: Asalaam aleikum jamaa. Nakusanya habari za vyombo vilivyoundwa Matondoni, kijiji cha Lamu: fundi nani, mwaka gani, mbao gani, kiliuzwa wapi. Ziko kwenye tovuti kama hadithi ndefu. Msomaji anafurahi, ila ukiuliza "majahazi yote ya bambakofi ya kabla ya 1980", itabidi usome kurasa zote. Wanaoniandikia ni watoto wa mafundi, kuandika programu hawajui. Nasikia ipo lugha ya kawaida iliyowekewa mipaka, programu ikaielewa. Itafaa Kiswahili?

Mkuku: Itafaa. Norbert Fuchs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zurich walianza Attempto mwaka 1995: Kiingereza chenye kanuni kali, kila sentensi maana moja, programu inaigeuza kuwa fomula za mantiki ambazo kompyuta inazielewa. Tobias Kuhn akajenga juu yake AceWiki, wiki inayoandikwa kwa Kiingereza hicho. Kihariri chake kinakuonyesha maneno yanayoweza kufuata, kwa hiyo mwandishi hakariri kanuni, anachagua tu. Hilo ndilo la kuiga.

Upatanisho wetu wa ngeli unasaidia sana. "Fundi aliunda jahazi lililouzwa Mombasa": li- ni ya jahazi, hakuna ubishi. Lakini "mjukuu wa fundi aliyeunda jahazi", nani kaunda? Attempto imeamua kirejeshi (kama hiyo -ye-) kishike nomino iliyo jirani. Nawe amua, kisha usibadilishe.

Bi_Langoni: Mwanangu, mbona mzunguko wote huo? Wape fomu: chombo, fundi, mwaka. Nyuma yake weka lebo za schema.org za kuiambia mashine kila taarifa ni ya nini, zile Google, Microsoft na Yahoo walizozianzisha 2011. Imekwisha.

Tanga_Mbili: Halafu Lamu ipi? Mji, kisiwa au kaunti? Kwenye Wikidata, ile hifadhi huria ya data, kila kimoja kina namba yake. Sentensi iwe safi vipi, jina moja likiwa la mahali patatu mashine itapotea. (Na saa mbili asubuhi andika 08:00, tafadhali!)

MwanaMatondoni: Bi, fomu ninayo. Sasa hii niitie wapi: "Alirithi kwa mjombake, akalirefusha, akamuuzia mtu wa Faza nusu"?

Bi_Langoni: Haya, hapo umenishika.

Mkuku: Ikate, na kila kitu kiwe na jina lake:
Fundi B alirithi Jahazi 7 kutoka kwa Fundi A.
Fundi A ni mjomba wa Fundi B.
Fundi B alirefusha Jahazi 7.
Fundi B aliuza nusu ya Jahazi 7 kwa Mtu C.
Mtu C anatoka Faza.
Vitenzi kama ishirini vitakutosha kuanzia. Ila "nusu" itakusumbua, hiyo ni umiliki wa hisa. Ifungulie uzi wake.